Kivuli cha Majengo: Barabara na Mwendo wa Watu katika Kisiwa cha Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kina eneo la takriban kilomita za mraba 14 tu, nacho ndicho kitovu cha kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 1,208,333, ambao wengi wao huingia na kutoka kisiwani kwa milango michache: Makupa na Kipevu kwa upande wa magharibi, daraja la Nyali kwa upande wa kaskazini, na kivuko cha Likoni kwa upande wa kusini. Kati ya milango hiyo, baina ya Mwembe Tayari na Makupa, ndipo ulipo mtaa wa Majengo, mtaa wa nyumba za Kiswahili, misikiti, maduka na wachuuzi, ambao kwa karibu miaka mia umekuwa makao ya vibarua wa bandari, mafundi, walimu wa vyuo vya Kurani na wenye kupangisha vyumba. Mazungumzo ya leo yanautazama mtaa huo kwa kuulinganisha na miji ya jangwani ya Ghuba na Omani. Mombasa si jangwa, kwani masika huinyeshea hadi mitaro ikafurika. Ulinganisho unafaa kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba bandari za Ghuba na bandari za Waswahili zilijengwa kwa muda mrefu kwa ujuzi unaokaribiana na kwa vifaa vilivyobebwa na majahazi yale yale, kisha katika karne ya 20 zikatengana, na mkono uliozitenganisha zaidi ulikuwa wa wachora barabara.

Miundombinu ya barabara, kama inavyoelezwa na wahandisi na wapangaji wa miji, si lami peke yake. Ni pamoja na mitaro ya kupitishia maji ya mvua, njia za waendao kwa miguu, vivuko, taa, steji za matatu, na ule ukanda wa ardhi unaoitwa hifadhi ya barabara, yaani nafasi inayoachwa wazi kando ya lami kwa ajili ya upanuzi na mabomba, ambayo katika miji ya Afrika Mashariki ndiyo huwa soko la wasio na duka. Vyote hivyo kwa pamoja huamua jambo ambalo ramani hailionyeshi: mtu wa kawaida, asiye na gari, anaweza kufika wapi na kurudi kabla jua halijamchosha wala nauli haijammaliza. Kwa mizani hiyo, barabara pana inaweza kumpunguzia mtu mji wake, na uchochoro ukamwongezea.

Katika miji ya kale ya jangwani, uchochoro haukuwa mwembamba kwa sababu ya umaskini. Kuta za nyumba mbili zinazotazamana zikiwa karibu, moja huifunika nyingine kwa kivuli karibu mchana kutwa, hivyo ardhi iliyo kati haishiki moto, na hewa iliyopoa usiku hubaki chini hadi jua linapofika utosini. Nyumba zenyewe huupa uchochoro mgongo na kuelekeza uso wake uani, yaani kwenye ua wa ndani, ambako jamaa hupata mwanga na sitara. Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa kwa hesabu inayofanana na hiyo, ingawa hewa yake ni ya unyevu na hivyo upepo una kazi kubwa zaidi: kutoka barabara ya Ndia Kuu vichochoro huteremka kuelekea bandari ya majahazi, na upepo wa bahari hupanda humo humo unakoteremka mpita njia. Hata vipimo vya vyumba vilitoka mahali pamoja. Boriti, yaani magogo ya mikoko, zilikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Kuwait na bandari nyingine za Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Na kwa kuwa boriti haivuki mita tatu hivi bila kupinda, chumba cha Kuwait na chumba cha Lamu vilikuwa na upana unaokaribiana, kwa maana vyote viwili vilipimwa kwa mti uliosimama katika tope la pwani hii.

Kuwait ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote wa mji ulioacha ujuzi huo kwa haraka. Mafuta yalianza kusafirishwa kutoka huko mwaka 1946, na mwaka 1952 ukatolewa mpango wa mji uliochorwa na wasanifu wa Uingereza, Minoprio, Spencely na Macfarlane. Mpango huo ulikuwa na barabara za mzingo, yaani barabara pana zilizouzunguka mji kwa nusu duara, moja nje ya nyingine, zikikatwa na barabara nyingine zinazotoka kitovuni kwenda nje, na katika nafasi zilizobaki zikawekwa mitaa ya makazi, kila mtaa na shule yake, msikiti wake na duka lake la ushirika. Serikali ilinunua nyumba za kale kwa bei nono ili wenyewe wahamie mitaa mipya. Ukuta wa mji uliojengwa mwaka 1920 ukabomolewa mwaka 1957 na kubakizwa malango tu. Na barabara ya kwanza ya mzingo ikafuata mstari ule ule uliokuwa wa ukuta. Nyumba zilipoanguka, boriti za Lamu na Rufiji zilianguka nazo.

Hapana haja ya kuwalaumu Wakuwaiti kwa kutaka maji ya bomba, umeme na vyumba vyenye nafasi, kwa sababu kila mwenye kukumbuka maisha ya nyumba ya udongo wakati wa kiangazi angevitaka pia. Kasoro ya mpango ule ni kwamba ulimchukulia kila mkazi kuwa ni mwenye gari, na katika nchi ambayo joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 50, mtu aliyewekwa ng'ambo ya barabara pana isiyo na kivuli amezuiwa kama aliyezungushiwa ukuta, tena ukuta usio na lango. Wanaoumia zaidi si wenyeji, ambao wana magari, bali ni wafanyakazi wa kigeni, wakiwamo vijana na wanawake wa Pwani ya Kenya waliokwenda kutafuta riziki, ambao ramani ya mji huo kwao ni nyumba ya mwajiri na kituo cha basi.

Omani inawahusu Waswahili kwa karibu zaidi. Mwaka 1970 ulipoanza, nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 za barabara ya lami, na malango ya mji wa Maskati yalifungwa saa chache baada ya magharibi, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa kubeba taa. Waomani wenye asili ya Zanzibar na Mombasa waliorudi baada ya mwaka huo waliikuta nchi inayojengwa kwa kasi, na mji mkuu ukakua kwa urefu, ukibanwa kati ya milima na bahari, ukiifuata barabara kuu yenye jina la Sultani Qaboos hadi Seeb. Jamaa ambao Zanzibar au Mombasa waliombana chumvi mlango kwa mlango, huko wametengwa na makumi ya kilomita, na harusi, mazishi na hitima zao huhudhuriwa kwa gari. Dubai nayo, baada ya kuipanua barabara ya Sheikh Zayed hadi ikapita njia kumi, ilifungua reli ya mjini mwaka 2009, na stesheni zake zikajengewa madaraja ya waendao kwa miguu yenye viyoyozi, maana yake kuvuka barabara tu kumekuwa kazi ya jengo na mtambo. Utajiri unaweza kulipia kosa la namna hiyo. Mombasa haiwezi.

Barabara za kisiwa cha Mombasa zimetangulia kuwa za mzigo kabla ya kuwa za watu. Mwanzoni mwa ukoloni, mji na bandari ya Kilindini viliunganishwa kwa reli nyembamba ya futi mbili, ambayo juu yake vilipita vigari vidogo vyenye kiti na paa la kukinga jua, vikiwabeba maofisa na wageni, na vikisukumwa kwa mikono na wanaume Waafrika waliokimbia nyuma yake. Vigari hivyo vilidumu hadi motokaa zilipovishinda katika miaka ya 1920. Katika usafiri huo kivuli kilikuwa cha anayebebwa na jua lilikuwa la anayesukuma, na ni haki kusema kwamba mpangilio huo haujafutika wote. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilivuka maji ya Makupa kwa daraja. Gati za kina kirefu za Kilindini zilianza kazi mwaka 1926. Na Makupa penyewe pakajengwa tuta, yaani barabara ya mawe na udongo iliyomwagwa baharini, ambayo iliunganisha kisiwa na bara lakini ikauziba mkondo wa maji. Yote hayo yalifuata njia moja, kutoka melini kwenda bara, na mtaa uliokuwa kando ya njia hiyo ulipewa kilichosalia.

Majengo ni zao la wakati huo huo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wathibitishe umiliki wao mbele ya maofisa wa serikali, na matokeo yake kisiwani ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi iliandikwa kwa majina ya watu wachache, ilhali wakazi walio wengi, Waswahili, Wamijikenda, watu wa bara na wageni kutoka Hadhramaut, walibaki bila hati. Mpango wa mji wa mwaka 1926 ulikata barabara mpya zilizonyooka ndani ya kisiwa na kuvigawa upya viwanja vilivyopitiwa, na miongoni mwa waliojenga Majengo wamo waliosogezwa na mabadiliko hayo. Hapo ukashika mizizi utaratibu ambao Pwani unajulikana mpaka leo: mwenye ardhi hupima viwanja kwa safu, huacha nafasi ya njia baina ya safu na safu, na mjenzi humlipa kodi ya ardhi, kisha husimamisha nyumba iliyo mali yake juu ya ardhi isiyo yake. Nyumba hiyo ina ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo nyuma, na mbele ina baraza, yaani jukwaa la kukalia la udongo au saruji lililoambatana na ukuta chini ya upenu. Kwa kuwa vyumba hupangishwa kimoja kimoja, nyumba moja iliweza kuwa makao ya watu wa asili nyingi, na wenye nyumba, wakiwamo wanawake waliogeuza akiba na dhahabu zao kuwa kuta na mabati, walipata riziki ya kudumu bila kumiliki hata futi moja ya ardhi.

Njia ya Majengo, kwa hiyo, si uchochoro wa Mji wa Kale wala si barabara kuu. Imenyooka, hupitisha upepo na mkokoteni, na hata lori dogo likilazimika, lakini aliyeketi barazani anaweza kumsalimu aliye kwenye baraza ya ng'ambo bila kupaza sauti. Umbali huo wa salamu ni kipimo kisichoandikwa katika kitabu chochote cha uhandisi, nacho ndicho kilichowafanya watu waliotoka mahali mbalimbali wawe majirani. Upenu, uliokuwa wa makuti na baadaye ukawa wa mabati, hutoa ukanda wa kivuli pembezoni mwa njia, na mpita njia huufuata ukanda huo, asubuhi upande mmoja na alasiri upande wa pili, akiulipia kwa salamu, kwa sababu kivuli hicho ni cha mtu. Anayekwenda kununua mahamri na mbaazi asubuhi, mtoto anayetumwa dukani, mzee anayeelekea msikitini kwa sala ya adhuhuri, wote hupita mbele ya macho yanayowajua, na usalama wa mtaa ulitegemea macho hayo kabla haujategemea taa.

Umbali mfupi kutoka Majengo hadi Kilindini uliwahi kuingia katika historia ya Kenya. Tarehe 13 Januari 1947, takriban wafanyakazi 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumba waliacha kazi kwa pamoja, na kwa muda wa karibu wiki mbili walikusanyika katika uwanja ulio karibu na Majengo, uliojulikana kwa jina la Kiembeni, ambako hotuba zilitolewa na mambo yakaamuliwa mbele ya umma. Katika vuguvugu hilo likainuka Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia aliliongoza. Wanahistoria huueleza mgomo huo kwa mishahara duni, uhaba wa nyumba na ughali wa maisha, na maelezo hayo ni sahihi. Inafaa kuongezwa kwamba mtu aliyetoka lango la bandari aliweza kufika uwanjani, akasikiliza, akarudi chumbani kwake kwa miguu, bila kumwomba mtu nauli wala kumtegemea mwenye basi, na kwamba maelfu ya watu walioweza kufanya hivyo kila siku walikuwa tayari ni umma kabla chama hakijaandikishwa. Katika miji ya Ghuba, wafanyakazi wa ujenzi mara nyingi huwekwa katika kambi zilizo nje ya mji na kuletwa kazini kwa mabasi ya mwajiri. Umbali nao ni siasa.

Kitu kimoja cha Majengo kinastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, nacho ni mkokoteni wa maji. Mombasa haina mto wa maji matamu kisiwani. Bomba kubwa linaloiletea maji kutoka chemchemi za Mzima, umbali wa zaidi ya kilomita 200, lilikamilika mwaka 1957, na tangu hapo mji umekua mara nyingi kupita uwezo wa bomba hilo na vyanzo vyake vingine, hivyo mifereji hukauka na maji hununuliwa kwa mtungi. Mkokoteni huundwa kwa ekseli na magurudumu ya gari kuukuu, ukawekewa fremu ya mbao au chuma na mipini miwili mirefu. Mitungi ishirini ya lita 20 ina uzito wa kilo 400, bila kuuhesabu mkokoteni wenyewe, na mtu anayeusukuma huisoma barabara kwa mabega yake kuliko mhandisi anavyoisoma kwa darubini ya vipimo. Huujua mwinuko ambao mwenye gari hausikii. Hujua ni wapi kabro, yaani matofali ya saruji yanayopangwa badala ya lami, yametitia baada ya fundi wa bomba kufukua na kufukia ovyo. Tuta lililowekwa ili kupunguza kasi ya matatu humlazimu kusimama, kurudi nyuma na kuomba msaada wa wapita njia. Mtaro uliokosa kifuniko huweza kumpindulia shehena yote. Na akitoka Majengo kuingia Jomo Kenyatta Avenue, hana sehemu yake katika barabara, kwa kuwa yeye si gari wala si mwenda kwa miguu, basi hupita katikati ya matatu, tuktuk na bodaboda huku akipigiwa honi. Wapangaji wa miji humwona kama kikwazo cha msafara, ilhali bila yeye chai haipikwi na udhu hautiwi katika nyumba nyingi za kisiwa hiki. Barabara isiyokuwa na nafasi ya mkokoteni, katika mji wenye shida ya maji, haijakamilika hata ikiwa imekaguliwa na kupasishwa.

Kisiwa kilipozidi kujaa, watu walivuka kwenda Kisauni, Likoni na Changamwe, na mwendo wa kila siku ukageuka kuwa kungoja. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na daraja la saruji lililopo sasa mwaka 1980. Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973, iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafiri iliyohitajiwa awali, ikawapa wakazi wa ng'ambo chombo cha kuwafikisha kazini, chombo ambacho bado ndicho tegemeo lao. Upande wa kusini ulibakia na feri. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba zaidi ya watu 300,000 huvuka Likoni kwa siku moja, nao husimama katika safu chini ya jua la Machi au mvua ya Mei, wakingoja chombo ambacho kikiharibika mji mzima huchelewa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu 272, na msiba huo bado unatajwa katika nyumba za Likoni na Majengo kwa majina ya jamaa, si kwa hesabu. Daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa kwa wenda kwa miguu mwaka 2021 ili kupunguza msongamano wakati wa janga la Korona, lilikuwa la kusifiwa kwa jambo moja kubwa, kwamba kwa mara ya kwanza kivuko kikubwa cha kisiwa kilijengwa kwa kumfikiria asiye na gari.

Miradi mikubwa ya miaka ya karibuni imeleta nafuu ya kweli, na nafuu hiyo isipuuzwe. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, liliruhusu tuta la zamani liondolewe, na maji ya bahari yakaanza tena kupita kati ya upande wa Port Reitz na upande wa Tudor baada ya kuzuiwa kwa zaidi ya miaka 90, jambo ambalo wavuvi na mikoko walilihitaji. Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa yote mwaka 2024, inaiunganisha bara ya magharibi na pwani ya kusini bila kupita kisiwani, kwa hiyo lori linalotoka bara kwenda Kwale au mpaka wa Lunga Lunga halina haja tena ya kuingia kisiwani na kupanda feri. Kwa Majengo, faida ya barabara hiyo ni kile inachokiondoa. Swali lililobaki ni nafasi iliyoachwa na malori itapewa nani: itaachiwa magari zaidi, ambayo huijaza nafasi yoyote iliyoachwa wazi, au itatumika kwa njia za miguu zenye miti, vivuko ambavyo mzee anaweza kuvimaliza kabla taa haijabadilika, na ukanda wa mikokoteni. Jibu linachelewa kwa sababu barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa na njia za mitaani ziko chini ya kaunti, na mwenda kwa miguu huvuka kutoka mamlaka moja hadi nyingine kila anapotoka nyumbani, bila kuwa mteja wa yeyote kati yao.

Ndani ya Majengo kwenyewe, mabadiliko hayangoji. Nyumba za Kiswahili zinabomolewa moja moja na mahali pake hupanda ghorofa za fleti, na ni haki kukubali kwamba ghorofa hizo huwapa watu vyoo bora na sitara zaidi, na hata hutupa kivuli kirefu kuliko upenu. Lakini hicho ni kivuli kisicho na mwenyewe. Nyumba ya ghorofa haina baraza. Chini yake ni maduka yenye milango ya chuma au nafasi ya kuegesha magari, na ngazi huingia moja kwa moja njiani. Njia iliyopimwa kwa nyumba za chini hubebeshwa watu wa ghorofa tano au sita, pamoja na magari yao, tuktuk zao na majitaka yao, bila kuongezwa hata hatua moja, na upepo uliokuwa ukiruka mapaa hukatwa. Magari yakiegeshwa pande zote mbili, gari la zimamoto halipiti, na watoto hupoteza uwanja pekee waliokuwa nao. Kabro zilizowekwa katika baadhi ya njia za kisiwa ni hatua njema, kwa kuwa zinaweza kung'olewa na kurudishwa bomba likikarabatiwa, mradi zirudishwe na fundi anayeujua mteremko wa maji. Hata hivyo njia zenyewe hazijafa: mwezi wa Ramadhani, kuanzia alasiri, meza za viazi karai, bajia, kaimati na mkate wa sinia hupangwa pembezoni, magari hupunguza mwendo yenyewe bila tuta wala askari, na kwa saa kadhaa mpangilio wa nani ampishe nani hugeuka.

Mtu akitaka kuulinda mtaa wa namna hiyo hukutana mara moja na suala la ardhi, ambalo limo ndani ya kila suala la barabara Pwani. Barabara inapopanuliwa, fidia humtafuta kwanza mwenye hati, na mwenye nyumba wa Majengo anayelipa kodi ya ardhi hana hati, hata kama kuta ni zake na wapangaji ni wake kwa vizazi vitatu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 40, kifungu cha nne, inaruhusu uwekwe utaratibu wa kuwalipa fidia wakaaji wa nia njema wasio na hati wakati ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Inaruhusu, lakini hailazimishi. Kwa hiyo, kabla alama ya X ya rangi nyekundu haijapakwa kwenye ukuta wowote kati ya Mwembe Tayari na Makupa, Tume ya Kitaifa ya Ardhi na serikali ya kaunti zinapaswa kukaa na wenye nyumba hao na kuandika thamani ya nyumba isiyo na ardhi, kwa maana ya kuta zake, pango la vyumba vyake, na baraza yake, ambayo ndiyo hutangulia kubomolewa, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na hifadhi ya barabara.